Barua ya Mama Rahabu na Kitabu cha Kijani

Tarehe 31 Oktoba 2025 Mama Rahabu Shemzigwa anastaafu, baada ya kuitumikia maktaba ya chuo chetu hapa Lushoto kwa miaka thelathini na minne. Alianza kwa kupanga vitabu kwenye rafu. Anaondoka akiwa mkuu wa kitengo cha katalogi, na sweta lile lile la kahawia la siku ya kwanza.

Zamani katalogi yetu ilikuwa kadi ndani ya droo, na droo zote alizijua kama matuta ya karoti nyumbani kwake Bumbuli. Kompyuta zilipoletwa mwaka 2013, alinywea. Aliandika barua ya kuomba kustaafu mapema, na sababu aliitaja wazi: "Kompyuta siiwezi, nisije nikawaharibia." Mkuu wetu, Bwana Amiri, aliifungia barua kabatini akamwambia, "Sawa, Mama. Ila nimalizie kwanza droo ya A."

Alianza kuziingiza kadi kwenye kompyuta kwa kidole kimoja. Bandu bandu huisha gogo. Droo ya A iliisha kwa miezi miwili, akavuta ya B bila kuambiwa. Ila kila penye nafasi ya "Maelezo mengineyo" aliandika mambo yake: jalada la kijani, lina doa la chai. Sisi vijana wa kompyuta tulimcheka, mimi nikiwa wa kwanza, na nikapendekeza maneno hayo yafutwe.

Siku tulipofungua mfumo, mwanafunzi aitwaye Zakia alikuja dirishani. Mwandishi hamkumbuki, jina halikumbuki. Ni kitabu kuhusu udongo, cha kijani. Niliandika "udongo kijani" nikijua ni kazi bure. Kikatokea, na doa lake. Niliona aibu, nikaenda kumwomba radhi Mama Rahabu. Alinipa peasi mbili kutoka mkobani, yakaisha.

Leo vitabu elfu ishirini na tatu vimo kwenye mfumo, na kuazima ni suala la dakika moja.

Jumatatu iliyopita Bwana Amiri alimrudishia barua yake. Aliisoma taratibu, akachukua kalamu, akaufuta mwaka 2013 na kuandika 2025. Kisha akaifuta ile sababu, mstari wote, akatia sahihi upya.

Asante, Mama. Tunakuombea afya, mvua za kiasi na wajukuu wasikivu. Barua yako nimeiingiza kwenye katalogi kwa mkono wangu. Maelezo mengineyo: bahasha ya kaki, mstari mmoja umefutwa, haiazimishwi.