Bi. Tusekile Mwambeta na Neno Moja la Mwenyekiti

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Tusekile Mwambeta, katibu muhtasi wa ofisi yetu, alitimiza miaka thelathini na saba kazini na kustaafu kwa mujibu wa sheria. Aliingia Julai 1988 akiwa binti mwembamba wa Mpuguso, mwenye cheti cha uhazili na gauni moja la ofisini. Anatoka akiwa bibi wa wajukuu watano, na hajapita hapa mkurugenzi ambaye hakumwogopa kidogo.

Hofu hiyo ilikuwa na sababu zake. Mkurugenzi mmoja alirudishiwa barua mara tatu kwa ajili ya mkato uliokaa pasipo pake, naye mara ya tatu akaomba radhi. Kompyuta zilipokuja, Bi. Tusekile aliifunika ya kwake kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, na mpaka leo ndiyo pekee isiyowahi kuharibika. Mvua za Tukuyu tunazijua wote. Yeye alibeba majalada hadi vijijini yakiwa yamefungwa kwa majani ya mgomba, na halikulowa hata moja.

Kwa miaka kumi na miwili alimhudumia marehemu Mheshimiwa Atupakisye Mwansasu, mwenyekiti wa halmashauri yetu, mwanamke ambaye wakandarasi walichomekea mashati walipofika kwenye korido yake. Diwani aliyechelewa alisimama kikao kizima. Bi. Tusekile peke yake ndiye aliyethubutu kumwambia mama huyo kuwa kilemba kimekaa upande.

Mwaka jana mwongozaji Fred, kijana wa Dar es Salaam, alikuja kutengeneza filamu ya maisha ya Mheshimiwa. Mimi wa masjala ndiye niliyemtolea mihtasari yote ya vikao, naye akaitumia kwa bidii. Mwezi Machi mwaka huu alituletea filamu ukumbini tuitazame kabla haijapelekwa Mbeya. Ilikuwa nzuri. Tulipiga makofi mwigizaji alipowatimua watu wazima waliokuja kikaoni wakinuka pombe. Kisha filamu ikafika Lupepo.

Masika ya mwaka 1999 udongo uliporomoka huko Lupepo na watu wanne wakafariki. Mwenyekiti alikwenda kuwaona wafiwa akiwa na mabuti ya mpira, na Bi. Tusekile nyuma yake na daftari. Katika filamu, mwigizaji alisimama mbele ya wafiwa hao, akatabasamu, akasema anawashukuru sana. Ukumbi mzima uliguna.

Winfrida, binti wa marehemu, alisimama na kusema kwamba mama yake hakuwa mtu wa kutoa shukrani kwenye makaburi mabichi, na kwamba familia haitakubali filamu hiyo itoke. Fred naye akatoa nakala ya muhtasari wa ziara ile. Iliandikwa wazi: “Mwenyekiti aliwashukuru wananchi.” Sahihi zilikuwepo. Manung’uniko yakaanza kumwelekea aliyekuwa katibu wa kikao, mtu aliyekwisha kufariki na asiyeweza kujitetea. Bi. Tusekile alikuwa amebakiza miezi mitatu tu. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua kamwe.

Alisimama. “Aliyekosea ni mimi,” alisema. “Mama alisema ‘ndaga’. Mimi nikaandika shukrani.”

Kwa wale wasiotoka huku, ndaga ya Kinyakyusa ni asante, na ni pole vilevile. Siku ile watu wa kijiji cha Isongole walikuwa wameleta viazi kuwasaidia wafiwa, na jambo hilo nalo liliingia katika daftari. Muhtasari haukuruhusiwa kuwa na lugha ya nyumbani. Bi. Tusekile aliupiga chapa wiki tatu baadaye, mezani kwake pakiwa na rundo la kazi. Alipoliona neno hilo chini tu ya habari ya viazi, akaandika kuwa Mwenyekiti alishukuru. Mwenyekiti alimwamini mno, akatia sahihi bila kusoma.

Asubuhi iliyofuata alikuja na daftari lenyewe. Limejaa hati mkato, na ofisini hapa hakuna mwingine anayeweza kuisoma. Lakini ndaga haina alama yake katika hati mkato, hivyo alikuwa ameiandika kwa herufi kamili, na sote tukaiona. Akamsomea Fred alama zilizofuata: Mwenyekiti amekaa chini na akina mama. Hasemi kitu. Wanalia. Hapo Bi. Tusekile alilifunga daftari, akatoka nje. Nimefanya naye kazi miaka kumi na tisa na sikuwahi kumwona akiacha ukurasa katikati, na sioni aibu kusema kwamba mimi pia nilitoka nje kidogo.

Fred alirudi Lupepo na mwigizaji wake wakapiga upya kipande hicho. Sasa mama anasema neno moja, anakaa kwenye udongo na mabuti yake, basi. Filamu ilipooneshwa Mbeya mwezi Mei, Winfrida alimshika Bi. Tusekile mkono mpaka taa zikawashwa.

Rasimu ya kwanza ya wasifu huu ilisema kwamba katika miaka thelathini na saba Bi. Tusekile hajawahi kukosea neno. Nilimpa aipitie, jambo ambalo mtu mwenye akili hafanyi. Ilirudi na alama nyekundu kumi na moja, na sentensi hiyo ikiwa imekatwa. Pembeni aliandika: “Mara moja. Mwaka 1999. Imesahihishwa.”

Bi. Tusekile, ofisi nzima inakushukuru. Mungu akupe afya, usingizi mrefu asubuhi za mvua, na wajukuu wanaoandika vizuri. Nasi utuombee, siku zetu zikifika, tuweze kuyataja makosa yetu kwa mkono wetu wenyewe na kuandika mbele yake neno lile la mwisho uliloandika wewe pembeni mwa rasimu.

Anyosisye, Masjala