Tarehe Iliyo Chini ya Boriti ya Beiyao

Mgeni rasmi, Profesa Luan Peizhi. Mwenyekiti wa kijiji. Wazee na majirani mliofika:

KARIBU TENA

Sisi wakazi wa Beiyao tumefurahi kukuona. Umekuja na baridi, lakini makaa yanawaka, tambi zimekandwa, na siki yetu bado kali kama ulivyoiacha.

TULIVYOKUFAHAMU

Miaka thelathini na mmoja iliyopita ulifika hapa kwa baiskeli, mwanafunzi wa chuo kikuu, viatu vya kuazima. Siku kumi na tisa uliupima ukumbi wetu wa mungu wa mvua, nguzo kwa nguzo. Wazee wakacheka: "Binti huyu anaushonea suruali!"

Kisha ukapanda darini, ukasoma tarehe ya wino chini ya boriti ya juu kabisa. Ilionyesha miaka mia mbili tu. Ukamuuliza fundi Miao Genwang, "Mjomba, maandishi haya ni ya kweli?"

"Kweli tupu," akajibu. Ukaandika.

ULIKOFIKA

Kitabu ulichokiandika kutokana na safari ile kilikupa uprofesa. Kumbi nyingi za kale zimesimama leo kwa sababu ya kalamu yako, nasi hujigamba sokoni kwamba ulianzia kwetu. Tumesikia mwezi ujao unastaafu, na kitabu kikubwa cha maisha yako kinaingia mtamboni kuchapwa. Humo Beiyao ina mistari minne, na ukumbi wetu bado ni wa miaka mia mbili.

TULIPOKUKOSESHA

Mgeni rasmi, hapa hatutapindisha maneno. Kwetu fundi akimaliza kukarabati paa, huifuta tarehe ya zamani na kuandika ya siku hiyo. Mjomba Genwang alijua. Shangazi Cuilian, mkewe, humsuta mpaka leo.

"Domo lako siku ile lilikuwa na nini?"

"Lilikuwa na tambi! Halafu aliuliza maandishi, hakuuliza jengo."

"Na miaka thelathini yote ulikuwa unatafuna?"

 Si yeye peke yake. Wakubwa wote walijua, wakanyamaza, wakisema mgeni hasahihishwi mezani.

Sasa ofisi moja ya wilaya imeamua: ukumbi wa miaka mia mbili hauna ulinzi, utabomolewa theluji ikiyeyuka, pawe maegesho ya mabasi. Walituonyesha ukurasa wako. Tulishindwa kubisha, kwa kuwa ni wewe.

Lakini vuli hii mvua iliozesha pembe ya paa. Mjomba Genwang akachomoa kimojawapo cha vile vikono vya mbao vinavyobeba paa. Ndani ya kiungo, pasipofikiwa na brashi ya mtu yeyote, pana wino: "Mashariki, cha tatu," na mwaka wa enzi ya Song. Miaka mia tisa, Mwalimu. Hatukukishusha chini. Tulikirudisha palepale, ukakione mahali pake, asije mtu akasema tumekiandika wenyewe.

TUNALOOMBA

Ni moja: upande ukaone.

Hatuombi huruma. Ukikuta tumekosea, tutayabandua matofali ya ukumbi kwa mikono yetu na kukusindikiza hadi barabarani. Ukikuta tumepata, ifute mistari ile minne kabla ya mtambo kuanza, uandike mingine kwa jina lako lilelile. Tunajua kwa mtu wa heshima yako si jambo jepesi. Ila katika kijiji hiki cha maseremala, fundi anayekibomoa kiungo chake kibovu akakichonga upya hachekwi. Huchekwa anayekipaka rangi.

Mjomba Genwang, miaka themanini na minne, aliapa kupanda nawe. Tumemkatalia, na kama unavyomwona pale, amenuna. Ngazi imefungwa kamba juu na chini. Wanawake wanne wameishika tayari, na tochi hii ni yako.

Mbingu zikupe magoti imara, Mwalimu Luan, na macho makali kuliko ya ujana.

Ni sisi,
Wakazi wa Beiyao.
Imesomwa kwa niaba yao na Chai Suhe, mtunza ufunguo wa ukumbi.