Vipimo vya Mzee Dole

Ndugu waombolezaji, mimi ni binti yake wa kwanza, na kabla sijaendelea, karatasi ya mazishi inasema marehemu alikuwa kibarua, jambo ambalo familia inalikataa mbele yenu nyote.

Baba yetu, mliyemwita Mzee Dole, alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa tatu wa mwashi na mshona nguo, akasoma kuanzia 1956 hadi 1959, akaishia darasa la nne, na kwa kuwa rula ilibaki shuleni, tangu hapo alipima kila kitu kwa dole gumba lake.

Mwaka 1966 aliajiriwa kufagia karakana ya ndege ndogo, na mwaka 1971, mafundi wenye vyeti walipokuwa wamenyoosha mikono mbele ya pangaboi lililotetemesha ndege, aliomba ruhusa, akazikunja ncha zake nusu dole, ndege ikatulia, sifa zikaenda kwa waliokuwa wakimtuma chai.

Tarehe 6 Aprili 1974 alifunga ndoa na mama yetu, mpishi wa karakana hiyo, wakajaliwa watoto wanne, tuliolala na vyuma chini ya kitanda.

Mwaka 1983 aliuhamishia mkunjo uleule kwenye rafadha, pangaboi la majini la boti, ili isinaswe na magugu, mhandisi wa kiwanda cha boti akainakili michoro yake kimyakimya, akapima kwa dole lake mwenyewe, jembamba kama kalamu, na boti yao ikazunguka palepale kama pia, hadi wakaja kumwita baba, naye akawaambia kwamba mchoro wameuchukua, dole wameliacha.

Mwaka 1995 alitengeneza mashine ya kukata nyasi isiyokwama kwenye nyasi mbichi, ndiyo iliyosafisha njia mliyopita leo.

Februari 2023 aliugua mapafu, akalazwa, akafariki tarehe 9 Juni, saa tatu asubuhi, baada ya kumweleza muuguzi kwamba kitanda kimepungua madole mawili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliovumilia kelele za nyundo, na wafanyakazi wenzake, hata mlionyamaza mlipopaswa kusema. Karani aliyeiandika karatasi ya mazishi alitudai cheti cha ufundi cha baba ndipo abadilishe neno kibarua, hatukuwa nacho, basi kibao cha kaburi tumekiandika wenyewe, na jeneza hili nimelipima kwa dole langu, ambalo nilililinganisha na lake wodini, yakalingana.

Pumzika kwa amani, Mvumbuzi, vipimo vyako tunavyo.