Mama Zenzi na Sufuria Iliyosubiri Ndege

Bi Kreszentia Hummler, ambaye sote tunamwita Mama Zenzi, anastaafu tarehe 31 Machi 1931 baada ya kutupikia hapa kiwandani kwa miaka ishirini na miwili.

Alipoanza kazi, hapa Holzwiesen palitengenezwa magari ya farasi. Mpaka leo anasema farasi walikuwa na adabu kuliko injini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuangukia bustani ya mtu.

Ndege zilipokuja, akaweka sheria yake: siku ya majaribio, madonge ya viazi hayaingii majini mpaka magurudumu yaguse ardhi. Wahandisi walilalamika, mkurugenzi akalalamika, na wote wakala walipopewa. Mafundi wa karakana, ambao hawauoni uwanja, walizoea kusikiliza mfuniko wa sufuria. Ukigonga, rubani ameshuka salama.

Sheria hiyo haikuwahi kuwa ngumu kama vuli iliyopita, wakati wa Nyigu. Hiyo ndiyo ndege yetu ya kivita ya majaribio: kiti kimoja, bawa moja, na injini kubwa kuliko umbo lake. Rubani alikuwa baba yangu, Ottmar Riedl. Alipaa asubuhi, ukungu ukashuka, na muda wa mafuta kuisha ukapita. Mama yangu alisimama mlangoni mwa jikoni akiwa ameshika koti la baba.

Msimamizi wetu, Bwana Loibl, aliingia akiwa amevua kofia. “Mama Zenzi, pika tu. Watu wapate kula, warudi nyumbani.”

“Una njaa, Loibl? Basi kula hiyo kofia.”

Akaongeza kuni. Maji yalipopungua, akajaza mengine. Hakuna aliyethubutu kuugusa mfuniko.

Alasiri mkokoteni wa kabichi uliingia getini. Juu yake alikaa baba, matope hadi magotini, amekumbatia kipande cha pangaboi la ndege. Injini ilikuwa imezima, naye akaitua Nyigu shambani kwa mtu. Mama Zenzi alimtazama kuanzia juu hadi chini.

“Kanawe. Utangoja kama wenzako.”

Kisha akatumbukiza madonge na kufunika sufuria kwa kishindo. Karakana nzima ilishangilia. Mama yangu alicheka huku akilia, na Bwana Loibl alikula madonge saba.

Nyigu haikutengenezwa tena. Kiwanda kimeamua kubaki na ndege za kubeba barua, na baba sasa hufundisha vijana kurusha ndege zisizo na injini kwenye kilima cha nyuma ya kanisa. Jumapili iliyopita mama yangu alipika madonge bila kwenda kwanza dirishani kutazama angani. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo kabla.

Ahsante, Mama Zenzi, kwa kila chakula kilichochelewa. Tunakuombea afya njema na jiko lako mwenyewe, ambako maji yakichemka tu madonge yaingie, bila kumngoja mtu yeyote angani.

Gerlinde Riedl,
kwa niaba ya wote wanaokula jikoni kwako