Nani Atahamisha Nyumba ya Ngazi?

Pale Lodwar, barabara inaposhuka kuelekea mto Turkwel, kuna nyumba ya mawe ambayo watu wa mji wanaiita Nyumba ya Ngazi, kwa sababu mfanyabiashara wa zamani alipoijenga, hapakuwa na ngazi nyingine ya kupandia katika mji mzima. Chini aliuza, juu alilala. Alipoondoka, popo walirithi. Kisha Ejore akainunua, akasema ataifufua: maduka chini, vyumba vya kupanga juu, na kuta zilezile. Mungu akamwita kabla hajamaliza. Alifia chumba cha juu, juu ya mkeka, chokaa ikiwa bado haijakauka mikononi mwake. Mkewe Nawoi akafuta machozi, akamalizia kazi. Sasa nyumba imesimama nyeupe kama kanzu ya Pasaka, na mbele yake kuna benchi ambalo Ejore alilichonga kutoka boriti ya mkoma iliyotolewa darini. Hapo Nawoi alikuwa akiuza kahawa ya tangawizi, na hapo ndipo nyumba yake ilipokuwa ikihukumiwa kila alasiri.

Kesi ya siku hiyo ilikuwa nzito. Lomenen, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa na neno moja tu: kwa mila, mwenye boma akifa, boma huhamishwa. Nyumba ya mawe haihamishiki. Basi iuzwe. Mnunuzi alishapatikana, mtu mwenye malori, aliyetaka kuibomoa ajenge gesti ya vioo. Wapangaji nao walikuwa wakija, wanasifu, wanaondoka. Nani apange chumba ambacho hata ndugu wa marehemu anakiogopa?

Kijiwe cha hapo benchini kilimwita Lomenen Wakili, kwa kuwa aliwahi kuitwa mahakamani kutoa ushahidi wa mbuzi mmoja, akasema mpaka hakimu akasinzia. Alikuwa ameketi juu ya ekicholong yake, kile kigoda kidogo cha mti ambacho mwanamume wa Kiturkana hutembea nacho, mchana akikikalia na usiku akikilazia kichwa. Tangu mazishi hakuwahi kukaa kwenye benchi la ndugu yake. Wala hakuwahi kuvuka kizingiti cha nyumba.

— Mwacha mila ni mtumwa, alianza.

— Padri ameshainyunyizia maji ya baraka, shemeji, Nawoi akasema polepole, akimmiminia kahawa.

— Dua la kuku halimpati mwewe.

— Padri ndiye kuku?

 Wakili akakohoa.

— Mimi nilikuwa naongea juu ya mwewe.

Lokaale akacheka mpaka akajipiga paja. Yeye anauza mifuko ya sementi mtaa wa pili, na jina lake la kijiweni ni Sementi.

— Mimi niliwaambia mapema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

— Enhe?

— Sasa Ejore kazi yake ilikuwa kuziba ufa! Ziba hapa, ziba pale. Angeacha, leo tungekuwa tunajenga ukuta mpya. Tofali juu ya tofali. Mji unaendelea!

— Ndugu, weye unapenda sementi kupita bibi yako, akasema Mukendi.

Huyu Mukendi ni fundi Mkongomani aliyekuja kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma kumsaidia Ejore, na baada ya msiba akabaki kumsaidia Nawoi.

— Hii nyumba walishaipakaaka sementi zamani, akaendelea. Ikaanza kutoka jasho. Ukuta ya mawe inapumua na chokaa. Kuipaka sementi ni kama kuziba mtu pua, halafu unamwambia, lala salama. Mimi na marehemu tulibandua ile sementi yote. Gusa. Gusa tu!

Sementi akanyoosha mkono nyuma, akagusa ukuta. Jua la Lodwar lilikuwa likichoma hata kivuli, lakini jiwe lilikuwa baridi kama tumbo la mtungi. Akaondoa mkono haraka, kama mtu aliyekutwa akila nyama Ijumaa Kuu.

— Hiyo baridi si ya ukuta, akasema. Turkwel inapita chini. Mto ukikauka, mnafikiri maji yanaenda wapi? Yamo humu.

— Wapi! akasema Wakili. Mzee wa zamani alizika ngamia chini ya sakafu. Mzima, amesimama. Ngamia hasikii joto.

— Na kichwa?

— Kichwa ndiyo ile nguzo ya katikati. Imepakwa chokaa tu.

— Papa Wakili, ile nguzo mimi mwenyewe niliijenga.

— Basi hukuangalia vizuri. Sikizeni, nyumba kama hii hamna. Nenda Kalokol, hamna. Nenda Kakuma, hamna. Nenda Lokichoggio, pita, fika Nadapal uguse mpaka wa Sudani kwa mkono, hamna! Hii ni ya sisi watu wa Lodwar. Ni damu yangu iliijenga.

— Na unataka kuiuza, akasema Mukendi.

— Nataka kuiuza kwa heshima.

Nawoi alipuliza makaa. Alimjua shemeji yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyemzika mdogo wake, na tangu siku hiyo alishikilia mila kama kipofu anavyoshikilia ukuta. Akasema moyoni: Bwana, wewe uliyezaliwa kwenye zizi la watu wengine, unajua habari za nyumba. Nionyeshe.

— Kama shida ni kuhama, akasema Sementi, wacha tuihamishe. Tuombe winchi ya wale wanaochimba mafuta. Tunainua, tunasukuma kidogo upande wa mto, tunashusha. Mila imeshiba.

— Ikianguka?

— Mwenda pole hajikwai.

— Ni nyumba, Sementi!

— Na inaenda pole.

— Mimi naona tuibadilishe jina, akasema Wakili, ambaye kesi ilikuwa imeanza kumkolea. Tukiiita Nyumba ya Roshani, mauti yakirudi yataulizia Nyumba ya Ngazi mji mzima. Yatachoka.

— Yataulizia kwa nani?

— Kwa polisi. Na polisi hawatajua.

Walicheka wote, hata Nawoi akaficha mdomo kwa leso. Mukendi peke yake ndiye aliyeweka kikombe chini.

— Kule upande wa mto, tulikuta mlango ya zamani, imezibwa na mawe. Marehemu alikufa hajaifungua. Mimi niliifungua, nikatia mbao. Mama ameifunga na kufuli mpaka leo. Nyumba ni kama mtu. Ukigeuza uso yake, si imegeuka?

— Nani amewahi kusikia boma limehama kwa kugeuka? Wakili akafoka. Boma linahamishwa na wanawake! Wao ndio wanajenga vibanda vya akai, wao ndio wanabomoa, wao ndio wanapakia punda. Kwani mwanaume anabeba nini? Ekicholong yake tu, anafuata nyuma!

Hapo pikipiki ikasimama. Akashuka mwanamke mnene mwenye shanga tele shingoni na gunia la samaki wakavu kichwani.

— Ejok! akasalimu.

— Ejok noi! wakaitikia wote.

Jina lake lilikuwa Nakaale, kutoka Kalokol. Alitaka chumba cha chini cha kuuzia samaki na cha juu cha kulala. Basi kijiwe chote kikasahau kesi. Wakamzunguka kwa majivuno. Mukendi alimwonyesha chokaa, Sementi akamlazimisha aguse ukuta, na Wakili, aliyetaka nyumba iuzwe, akamsimulia roshani ubao kwa ubao na jinsi mdogo wake alivyolainisha mikono ya ngazi kwa mafuta mpaka ikang'aa. Hapo akageukia barabara.

Nakaale akatua gunia. Akaangalia juu, akaangalia chini, akamwangalia Nawoi kwenye jiko lake.

— Nimesikia sifa zote. Na huyu mama analala wapi?



— Analala… akaanza Sementi, akamtazama Mukendi. Mukendi akamtazama Wakili. Wakili akatazama ekicholong yake. Kila siku walikunywa kahawa ya mikono ile, na hakuna aliyejua kwamba tangu mazishi Nawoi alikuwa akilala sakafuni katika ukumbi wa kanisa, katikati ya ngoma za kwaya, akiamka kufagia kabla katekista hajafika.

Nawoi alifunika birika. Akajifunga leso kiunoni. Akalishika jiko kwa vitambaa, makaa yakiwaka ndani, akazunguka nalo nyumba taratibu kama anayefuata maandamano ya Ekaristi. Wakasikia kufuli upande wa mto. Wakasikia mlango ukilia. Akarudi akachukua birika, akarudi akachukua vikombe, na safari ya mwisho akachukua mkeka wake uliokuwa umekunjwa chini ya benchi, ambao wote waliwahi kuuona na wakadhani ni wa kufunikia gunia la makaa.

Mukendi aliinuka kumsaidia. Akamzuia kwa mkono.

— Acha, baba. Hii ni kazi yangu.

Harufu ya tangawizi ikaanza kutoka kwenye dirisha la juu. Nakaale akabeba gunia lake akamfuata, hakuuliza tena kitu.

Kijiwe kikabaki wanaume watatu. Wakili alikichungulia kikombe alichosahau kurudisha.

— Shemeji! akaita. Kahawa imeisha?

— Haijaisha, ikajibu sauti kutoka juu. Imehama.

Wakili alikiweka kikombe kwenye benchi. Kisha akasimama, akafuta macho kama mtu aliyeingiwa na vumbi, akaokota ekicholong yake na kuzunguka nyumba. Mlangoni akavua viatu vyake vya tairi. Akafanya ishara ya msalaba. Wenzake, waliokuwa wakimfuata kwa kunyata, wakamsikia akipanda ngazi moja moja, mkono ukiteleza juu ya ule ubao uliolainishwa, na huko juu, kwenye sakafu ya chumba alichofia ndugu yake, wakasikia mti ukigonga chokaa: ko.

Alikuwa ameweka ekicholong chini.