Historia ya Maisha ya Sajini Methusela Filipo, Mkaguzi wa Malori (1946–1998)

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni Nathanaeli Filipo, mdogo wa marehemu, na familia imeniomba niwasomee historia hii, nami nitasoma polepole.

Kaka yetu Methusela alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 Kibakwe, wilaya ya Mpwapwa, mtoto wa kwanza wa Mzee Filipo na Mama Ruthu, akabatizwa mwaka huohuo, akasoma Kibakwe hadi darasa la nne, kisha shule ya kati Mpwapwa, alikomaliza darasa la nane mwaka 1962.

Aliingia jeshi la polisi Januari 1966, na mwaka 1980 akahamishiwa usalama barabarani hapa Dodoma kukagua magari makubwa. Biashara ilipofunguliwa na malori makuukuu kujaa barabarani, alisimama kwenye kizuizi cha Ihumwa siku zote na nyundo yake, akilala chini ya kila lori, akigonga nati moja baada ya nyingine na kusikiliza, maana nati iliyolegea hailii kama iliyokaza.

Tarehe 9 Septemba 1993 alisimamisha lori nililokodi kupeleka zabibu zangu za Makutupora Dar es Salaam, akakuta mpira wa breki umechanika, akang'oa namba za gari, nami nikamsihi kwa jina la mama yetu, akanijibu kwamba mizabibu itazaa tena msimu ujao, lakini mama wa dereva wangu Optatus hatamzaa Optatus mwingine. Zabibu zilichacha palepale, na kwa miaka miwili sikumpa kaka yangu shikamoo. Mungu anisamehe. Optatus yuko hapa, ameketi na wanawe.

Alifunga ndoa na shemeji yetu Edina tarehe 17 Julai 1971, wakajaliwa Octavian, Devota na Evodia.

Alianza kuumwa kifua Novemba 1997, akalazwa mara tatu, hadi tarehe 12 Agosti 1998, saa nne asubuhi, Bwana alipomwita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kukesha nasi, na askari wenzake waliobeba jeneza.

Mtusamehe kwa kuchelewa kuanza safari ya kwenda kumzika Kibakwe. Lori la kwanza lililoletwa nililikagua mwenyewe kwa nyundo yake, nikalikataa, maana ile milima mnaijua. Hili lililopo nje nimegonga nati zote, zimekaza.

Shikamoo, kaka. Barabara ni salama, pumzika kwa amani ya Bwana.