Sindano ya Mwili Wangu wa Zamani

Wamama wa parokia, na ninyi wababa mliokubali kubaki baada ya misa wakati sahani ya bukari inawangoja nyumbani, nawasalimu nyote. Padri ameniomba niseme polepole, tena kwa upole. Polepole nitaweza. Upole sijui. Nitajaribu kusema Kiswahili cha kanisani, lakini hasira ikinishika nitarudi kwa kile cha jikoni, na mtanisamehe.

Mnaonijua tangu zamani mnakumbuka nilivyokuwa. Nikiingia mlango ule pale, wa nyuma walisubiri. Nilikuwa mama mnene, na hapa kwetu Likasi hiyo haikuwa aibu hata kidogo. Bwana yangu anafanya kazi kwenye kiwanda cha unga, na watu wakiona mwili wangu walisema huyu bwana anajua kutunza bibi yake. Lakini ndani ya unene ule kulikuwa na ugonjwa wa sukari, kulikuwa na presha, na kulikuwa na kidonda cha tumbo kilichonitapisha damu. Kila asubuhi muuguzi wa dispansari alinipiga sindano ya insulini, ile dawa ya kushusha sukari, na jioni nilimeza vidonge vya presha.

Mwaka wa uhuru, kabla mambo hayajaharibika, munganga mmoja mzungu alinipasua kwenye hospitali ambayo sitaitaja. Alikata sehemu kubwa ya tumbo langu. Nilipopata nguvu ya kuketi alisimama karibu na kitanda akasema, "Mama, tumbo yako sasa iko kadogo sana. Utakula kidogo, na mwili itapungua. Rudi mwezi ujao, tupime dawa yako upya."

Ndugu zangu, lishikeni neno hilo, tupime upya. Lilikuwa neno la akili kuliko yote niliyosikia mwaka ule, na aliyelisema alipanda gari lake na wenzake wakavuka kwenda Rodesia kabla mwezi haujaisha. Mnakumbuka zile gari za wazungu waliokimbia vurugu zilivyopangana barabarani, zimefungwa magodoro juu. Munganga wangu alikuwa ndani ya mojawapo.

Mwezi ulipofika nikaenda dispansari ya mtaa wetu. Mkubwa wa wauguzi pale simtaji, na wanaomjua wanyamaze. Nikamwambia nimekuja kupimwa upya. Alinitazama kama mtu niliyemwomba viatu vyake.

"Mama, hii dozi aliweka munganga mwenyewe. Minye ni nani nibadilishe kintu ya munganga?"

"Munganga njo alisema ibadilishwe," nikamjibu.

"Basi, akirudi atabadilisha."

Akirudi. Wamama, wakati ule bendera ilikuwa imebadilishwa. Stempu za barua zilikuwa zimebadilishwa. Nchi yenyewe ilikuwa imebadilishwa, tukaamka asubuhi tunaambiwa sisi sasa ni Katanga peke yetu. Kitu kimoja tu hakikuwezekana kubadilishwa Likasi nzima, nacho ni sindano yangu.

Basi nikaanza kupungua kama alivyosema munganga. Tonge la bukari la ukubwa wa ngumi ya mtoto lilinitosha, nikiongeza linarudi. Nguo zikaanza kunivuka mabegani. Siku moja nilimpelekea bwana yangu chakula kiwandani, akanisimamisha kwenye mizani ya magunia kwa mchezo tu, halafu akasoma namba mara mbili. Nilikuwa nimepungua karibu gunia la unga. Gunia zima, ndugu zangu. Na asubuhi iliyofuata nikachomwa dawa ya yule mwenye gunia lake.

Mama mkwe wangu anakaa nasi. Ni mama mwema, yuko pale benchi ya mbele, na anajua nitakachosema kwa sababu nimemwambia usoni. Kwake kupungua kwangu kulikuwa aibu. "Bantu watasema mutoto yangu iko nakunyima chakula," alikuwa akisema, na ananisukumia sahani. Lakini sukari alificha. Ndizi mbivu alificha, muwa alificha. Aliambiwa ugonjwa wangu ni wa sukari, basi akalinda kila mlango ambao sukari ingepitia.

Ndipo nikaanza kuanguka. Ilinijia asubuhi, jua likianza kuwa kali. Kwanza jasho, jasho baridi la shingoni. Halafu mikono inatetemeka, njaa inanishika kama sijala tangu nizaliwe, na maneno yanatoka mdomoni yasiyo na kichwa. Sokoni nilimwaga beseni la samaki wakavu wa ziwa Tshangalele katikati ya njia, nikaketi juu yake, nikacheka. Nilisikia mmoja anasema, "Yule mama amekunywa lutuku asubuhi hii." Mimi sijawahi kuonja pombe ile, hata harufu yake siipendi. Na humu kanisani nilianguka kati ya mabenchi, na wengine wenu mliwavuta watoto wenu upande. Msiangalie chini. Niliwaona.

Mama mkwe akakimbilia dispansari. Yule mkubwa wa wauguzi akaja mwenyewe hadi nyumbani, akanikuta nimelowa jasho, akatikisa kichwa. "Sukari imepanda," akasema. "Tuongeze sindano ya pili, ya mangaribi."

Hapo ndipo hasira yangu inapokaa, na haijahama mpaka leo. Kupunguza hakuweza bila munganga. Kuongeza akaweza. Kwa kupunguza yeye alikuwa nani, kwa kuongeza alikuwa munganga mzima. Na hakuchemsha mkojo wangu hata mara moja. Zamani walikuwa wanachemsha mkojo na ile maji ya bluu ndani ya kichupa, wanaona sukari iko au haiko. Kichupa kilikuwa mezani kwake dispansari. Moto ulikuwapo. Mkojo niliokuwa nao haukumhitaji munganga kutoka Rodesia.

Mtaniuliza mbona sikukataa. Niliwaza kukataa. Lakini dawa ilikuwa imeanza kukosekana, na bwana yangu alikuwa akiipata kwa dereva wa lori anayeleta ngano kiwandani. Chupa zilipita baraje moja hadi nyingine, vile vizuizi vya barabarani, mbele ya basoda wenye bunduki, zimefungwa kitambaa kibichi ndani ya bidon ya maziwa. Zikifika mama mkwe anazishusha ndani ya mtungi wa maji ili zisiharibike na joto, na anapiga ishara ya msalaba. Mtaa mzima ulijua. Walimsifu bwana yangu kwa kuhangaika na bibi yake. Sasa mtu amekuletea uzima kupitia kwenye midomo ya bunduki, wewe unamwambiaje kwamba ukichomwa unaona giza? Nilisema mara moja. Mama mkwe alilia hata akashindwa kula. Sikusema tena, nikatoa mkono.

Ikaja vita hapa hapa kwetu. Barabara zikafungwa zote, lori la ngano halikuja, mtungi ukabaki na maji tu. Nyumba yangu ikageuka nyumba ya matanga na mimi mwenyewe nimo ndani, nimelala, nasikia. Bwana yangu hakuwa akinitazama usoni. Na ninyi wamama wa chama, Mungu awabariki kwa moyo wenu, mlichanga mkanunua kitambaa cheupe cha kunizika. Nilikuona, mama wewe wa kilemba cha kijani, ukipima kwa macho urefu wangu pale mlangoni.

Nikangoja kufa. Asubuhi ya kwanza hakuna jasho. Asubuhi nyingine mikono imetulia. Nikakaa. Nikatoka nje, nikasikia njaa ya kawaida ya mtu wa kawaida. Kabla juma halijaisha nilikuwa nimefua nguo zangu mwenyewe na za bwana yangu, nimepika sombe ya majani ya muhogo, na nimemfukuza mbuzi wa jirani kwenye kamba ya nguo. Risasi zinalia upande wa mjini, mimi naimba.

Mnadhani walifurahi? Mama mkwe alisema, "Hii njo nguvu ya mwisho. Muntu akitaka kufa anapataka nguvu." Yule wa dispansari akasema vile vile. Kila nilichopika kilikuwa cha kuaga. Nikiteka maji, naaga. Nikigombana, naaga pia.

Barabara ilipofunguka kidogo, dereva akaleta chupa. Chupa nyingi kuliko siku zote, maana naye alisikia kwamba nakufa. Asubuhi ile walikuja chumbani watatu, bwana yangu na mama yake na yule mkubwa wa wauguzi mwenye sindano imejaa tayari. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Nikasema, "Hapana. Leo hapana. Munipime kwanza."

"Mama, bwana yako amehangaika," akasema muuguzi.

"Minye njo nilihangaika. Gunia muzima ya bunga imetoka mu huu mwili, na mweye mungali munachoma ule muntu wa zamani. Yule mama haiko tena. Munamutafuta na sindano ya nini?"

Mama mkwe akaanza kulia. Muuguzi akasema kichwa changu kimeharibika. Na hapa, wamama, ndipo uzima wangu ulipogeukia. Bwana yangu alikuwa ameshika mlango. Alinitazama, na nafikiri aliona mizani ile ya kiwandani. Akamwambia muuguzi, "Tia ile sindano chini. Bibi yangu amesema apimwe."

Akatoa baiskeli. Kuna mamasista upande wa ziwa wanaotibu watu wa vijiji vya wavuvi, na mmoja wao, sista mzee, amesomea uganga wa hospitali. Zamani kile kiti cha nyuma cha baiskeli kingevunjika nisipokikalia vizuri. Siku ile bwana yangu alipanda kilima bila kushuka, akageuka akasema, "Kumbe weye uko mwepesi hivi." Akaendelea kukanyaga. Nadhani alikuwa anahesabu chupa zote alizoniletea.

Sista akauliza maswali machache. Lini ulipasuliwa, unakula nini, unaanguka saa ngapi. Akachukua mkojo, akatia maji ya bluu, akachemsha mbele yetu. Kama sukari iko, ile bluu inageuka kijani, au inakuwa nyekundu kama tofali. Tulitazama. Ilibaki bluu, bluu ileile ya maji ya shaba yanayotoka viwandani kwetu. Akaniweka siku hiyo yote pale, akanilisha, akachemsha tena. Bluu.

Akavua miwani. "Mama, ugonjwa haikukuangusha," akasema. "Dawa njo ilikuangusha. Tumbo ilikatwa, mwili ikapungua, sukari ikashuka, na hakuna muntu alishusha sindano. Sindano moja zaidi, pengine hungeamuka."

Bwana yangu alitoka nje. Nilimsikia akilia nyuma ya ukuta, na sikuwa nimewahi kumsikia.

Nami kwa hasira nikamwambia sista basi natupa zote, vidonge na kila kitu. Akanikataza, tena kwa ukali. Insulini iachwe, lakini kila mwezi nirudi achemshe. Vidonge vya presha vipunguzwe nusu, si kuachwa. Na akaniongezea sindano nyingine ya kuongeza damu, kwa sababu mtu aliyekatwa tumbo anaihitaji mpaka kufa kwake, asipoipata miguu inakufa ganzi. Kwa hiyo asitoke mtu hapa akaseme mama yule ametufundisha kutupa dawa. Nitamfuata mpaka nyumbani kwake.

Nilipopita dispansari kumweleza yule mkubwa, mnajua alisema nini? "Mama, ungenieleza." Ndugu zangu, niliona nikijibu nitapelekwa polisi, nikaenda zangu.

Namshukuru sista. Namshukuru bwana yangu kwa sindano ile aliyoamuru iwekwe chini. Namshukuru mama mkwe, ambaye sasa ananiletea ndizi mwenyewe. Nawashukuru ninyi kwa kitambaa. Ndicho hiki nimevaa, blauzi hii. Nilikipeleka kwa fundi wetu wa kushona, yule anayekaa pale nyuma karibu na nguzo. Alikuwa na vipimo vyangu vya zamani, akaviacha, akachukua utepe akanipima upya. Hakuhitaji kuambiwa.

Na mkono ulioshika utepe ulikuwa umebaki mfupa. Nikamuuliza. Yeye ana ugonjwa wa sukari tangu ujana wake, wa aina inayokondesha, na insulini ndiyo inayomweka hai. Tangu dawa ianze kukosekana anajichoma nusu, siku nyingine robo. Wamama, wakati mimi nachomwa mpaka naanguka, wakati mtaa unamsifu bwana yangu, mtu huyu alikuwa nyumba ya nne kutoka kwetu, anakauka. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko kitambaa chenu.

Mwili ukibadilika, dai kupimwa. Usiombe, dai. Asiyetaka kukupima, asikuchome.

Chupa ziko humu ndani ya mtungi huu nilioubeba, zote zilizobaki, hazijafunguliwa. Fundi, sista amezitazama, na ameahidi kukuwekea dozi yako, si yangu. Inuka basi, njoo uchukue. Na ninyi mliozoea kuvuta watoto, leo mpisheni apite.